Nilivyotengeneza gemu ya viboko wa Babati kwenye kanda ya zamani, Mama Neema akaianika juani

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Juzi humu watu walikuwa wanabishana kama kuna Mbongo aliyewahi kutengeneza gemu ya kanda, zile za kuchomeka juu ya mashine. Nilisoma kimya kimya huku nacheka peke yangu. Leo nimeamua kufunguka. Chumvi siongezi, na pale niliposahau nitasema nimesahau.

Miaka hiyo mkoa wa Manyara ulikuwa mpya kabisa, bado unanukia rangi. Babati ndiyo imefanywa makao makuu, kila wiki anashuka mgeni na godoro lake kutafuta chumba. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilitoka Mbeya kuja kufanya kazi kwenye stationery moja ya mjini: kuchapa barua, kutoa kopi, kurekebisha kompyuta zilizogoma.

Nilipanga chumba Maisaka, kwa Baba Neema na mkewe. Watu wa heshima sana. Nilikuwa nawapa shikamoo asubuhi, jioni Mama Neema ananiita nile hata kama nimekula.

Baba Neema alikuwa na banda la gemu palepale nyumbani, upande wa barabarani. TV mbili, mashine mbili za kanda na benchi refu la mbao. Vijana wa Maisaka wote walipitia pale, hata makarani wa ofisi mpya walikuwa wanakuja na mashati yao ya kuchomekea.

Basi, mtu mmoja akafungua banda jipya karibu na stendi, na mashine za CD. Mpira unachezwa unaona mpaka jasho la mchezaji. Ndani ya miezi miwili benchi la Baba Neema likawa la kuanikia nguo.

Siku moja tunakula, Baba Neema akasema taratibu kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Nimeongea na jirani yetu, Baba Samweli. Baada ya Pasaka tunakwenda wote Mererani, kuchimba."

Mama Neema akaweka kijiko chini. Kaka yake mwenyewe alikuwa amerudi kutoka huko mgodini na kifua kibovu, hawezi kupanda hata kilima cha nyumbani kwao Nakwa bila kupumzika mara tatu.

"Baba Neema, kaka yangu unamwona."

"Namwona. Sasa mnataka nikae hapa nitazame benchi?"

Mimi nikatazama ugali wangu. Niliumia, wakuu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imenipokea kama ndugu.

Sasa kabla sijaendelea, lazima niwaambie ugonjwa wangu. Mimi nilikuwa mgonjwa wa emulator. Kwa asiyejua, hiyo ni programu inayoifanya kompyuta ijifanye ni ile mashine ya gemu. Pale stationery muda wa chakula cha mchana wenzangu wanakwenda kula, mimi nabaki na emulator na rundo la makaratasi niliyochapa kutoka intaneti, yanayoeleza jinsi mashine ya kanda inavyofanya kazi ndani. Nilishajifunza kuandika code yake. Nilikuwa nimefika mahali pa kuweza kumtembeza mtu mmoja kwenye kioo, kushoto na kulia. Nilijiona profesa.

Nikajisemea, banda la stendi lina mpira wa Ulaya. Sisi tuwape gemu ya Babati. Hiyo hawezi kuwa nayo mtu mwingine duniani.

Wazo lenyewe rahisi. Viboko wanatoka Ziwa Babati wanakwenda kula mahindi. Wewe ni mkulima, unapiga debe, kiboko akishtuka anageuka. Mahindi yakiisha, umekufa.

Nilimweleza Baba Neema. Akaigeukia mashine yake.

"Bwana mdogo, hiyo kitu itaingia kwenye mashine yangu hii hii?"

"Itaingia."

"Haya. Mimi sina maneno mengi. Pasaka benchi likijaa, nabaki. Likiwa tupu, Jumatatu ya Pasaka naondoka na Baba Samweli."

Kazi ikaanza. Mama Neema, mtoto wa Nakwa kando ya ziwa, aliyekua akiwasikia viboko nje ya dirisha, akawa ndiye mkaguzi. Siku moja alipita stationery akaona viboko wangu kwenye kioo wanakimbia huku na huku.

"Hivi wewe umeshawahi kumwona kiboko?"

"Kwa mbali, mama."

"Ndiyo maana. Hawatawanyiki hivyo kama mbuzi. Wanafuatana, mmoja nyuma ya mwingine, njia ni ile ile kila siku."

Nikawapanga mstari mmoja. Sita wanafuatana, wazito, wanapendeza kweli kweli. Kwenye emulator ilikuwa safi haina hata doa.

Kuitoa kwenye kompyuta kuiweka kwenye kanda ndiyo ilikuwa shughuli. Arusha kulikuwa na fundi wa redio mwenye kifaa cha kuandikia chip, ile sehemu ya ndani ya kanda inayobeba gemu. Alikuwa na chip moja tu ya saizi yangu, aliyoing'oa kwenye mtambo mbovu. Chip yenyewe ina kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga mkali wa jua ukiingia pale kwa siku nyingi, unafuta kila kilichoandikwa. Kwa hiyo ukishaandika unaziba na stika nyeusi. Akaniandikia, akaiunga kwenye kanda kuukuu juu ya soketi ili iweze kuchomoka.

Nikarudi Babati kifua mbele. Ilikuwa imebaki wiki mbili Pasaka. Jumapili mchana nikaita watu banda zima, maana kujisifu nako ni ugonjwa.

Tukachomeka. Ziwa hilo, mahindi hayo, mkulima huyo! Watu wakapiga kelele. Viboko wakaanza kutoka majini, mmoja, wawili, watatu, wanne.

Mkulima akapotea.

Hayupo. Debe linasikika, mwenye debe haonekani. Viboko wa tano na wa sita nao hawaonekani, ila mahindi yanaliwa tu.

Kijana mmoja wa Bonga akasema, "Mbona hapo ndiyo kweli kabisa? Wanne wakija, hata baba yangu hupotea hivyo hivyo."

Banda lilicheka mpaka TV ikatikisika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Baba Neema peke yake hakucheka. Alichomoa kanda akanirudishia.

Nini kilitokea? Mashine ile ina tabia moja. Kwenye mstari mmoja wa kioo inaweza kuchora vipande vinane tu vya picha zinazotembea. Kiboko wangu mmoja ana vipande viwili kwa upana, kwa hiyo wanne tu wakijipanga, nafasi imekwisha. Na mkulima nilimwandika wa mwisho kwenye orodha ya kuchorwa! Emulator haikunionyesha hilo kwa sababu wiki ya kwanza kabisa niliweka tiki kwenye kisanduku cha kuondoa huo ukomo, sikupenda picha zinavyopepesa, halafu nikasahau. Miezi mizima nilikuwa najaribu gemu yangu kwenye mashine ambayo haipo.

Kurekebisha code ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Mkulima nikamweka wa kwanza, viboko wakawa wanapokezana kuonekana, haraka haraka, kama wanamulikwa na tochi yenye betri inayokata.

Shida ilikuwa chip. Lazima ifutwe kwanza, na taa ya kufutia ya fundi wa Arusha ilikuwa imeungua. Imebaki jua. Jua kali la wiki nzima, na sisi tuko katikati ya masika.

Nilikuwa nimekata tamaa, nakiri. Nilimwonyesha Mama Neema ile chip, nikamwambia inatakiwa kukaa juani siku nyingi, kidirisha juu, na mimi kutwa niko kazini.

"Kuanika tu? Si ungesema. Lete."

Wakuu, yule mama alikuwa anaanika maharage ya kuuza tangu hajaolewa. Akaiweka chip kwenye ungo wake, juu ya kitambaa cheupe. Asubuhi ungo uko upande wa jikoni, saa sita uko katikati ya uwanja, jioni uko ukutani upande wa barabara. Tone la kwanza likidondoka, ungo uko ndani. Wingu likipita, ungo uko nje. Nilikuwa nikirudi ananipa taarifa: leo imepata saa tano za jua, leo saa mbili tu, leo hovyo kabisa.

Siku kumi hivi. Alhamisi Kuu bosi akaniruhusu, nikaenda Arusha. Fundi akaichomeka kwenye kifaa chake, mimi nimefumba macho.

"Tupu," akasema. "Nani kakufutia vizuri hivi?"

Akaandika upya, akaziba na stika. Ijumaa Kuu nilirudi nyumbani barabara yote matope. Chip nikaiweka juu ya meza yangu, nikasema kesho nikitoka kazini nitaichomeka kwenye soketi.

Jumamosi nikatoka saa saba mchana. Nafika getini, macho yangu yanaona nini?

Ungo, uwanjani. Chip katikati ya ungo, na stika imebanduliwa, kidirisha kinatazama mbinguni.

Nikaita, "Mama Neema!" kwa sauti ambayo sijawahi kumwitia mtu mzima.

Akatoka na mwiko mkononi, anatabasamu. "Niliikuta mezani wameigundishia likaratasi, nikalibandua. Ila leo nayo jua hakuna, tangu asubuhi manyunyu, naingiza natoa, naingiza natoa!"

Niliichukua, nikaifuta kwa shati, nikaziba kidirisha, nikaenda bandani. Baba Neema alikuwa pale peke yake anafunga begi lake kwa kamba. Nikachomeka chip, nikachomeka kanda, nikawasha.

Ziwa likatokea. Mahindi, mkulima, kiboko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mkulima bado yupo. Wa tano. Wa sita.

Lile wingu nililokuwa nalitukana wiki mbili nzima ndilo lililotuokoa. Nilikaa kwenye benchi nikalia, nasema wazi. Baba Neema akadhani imeharibika tena, akanishika bega akaniambia, "Basi, mdogo wangu, umejitahidi." Nikamwonyesha kioo.

Pasaka baada ya ibada, banda lilijaa. Benchi lilijaa, wengine wamesimama dirishani, kina mama wa Nakwa wanafundisha watu mahali pa kusimama na debe. Mama Neema alicheza mara moja tu, akawarudisha viboko wote sita, akaweka kidude cha kuchezea mezani akaenda kupika. Rekodi yake sikuivunja mpaka nahama.

Jumatatu asubuhi Baba Samweli akaja na mzigo wake kumpitia mwenzake. Akamkuta bandani, ameshika kidude na begi bado limefungwa kamba.

"Twende, basi linaondoka."

"Ngoja nimalizie hawa."

Baba Samweli akatua mzigo asubiri. Baada ya dakika chache akauliza debe linapigwaje. Basi la Arusha likaondoka, na hakuna aliyegeuka kulitazama.

Baba Neema hakwenda Mererani, si Jumatatu hiyo wala siku nyingine. Banda liliendelea miaka kadhaa, baadaye akageukia ufundi wa TV. Baba Samweli alikwenda wiki iliyofuata, akarudi salama namshukuru Mungu.

Funzo langu? Lile la kiufundi mnalijua: jaribu kitu chako kwenye mashine yenyewe mapema, emulator ina upole mwingi mno. Ila lililonikaa zaidi ni lile la ungo. Nilimweleza Mama Neema namna ya kuanika, sikumweleza kwa nini. Mtu aliyeitunza chip yangu kuliko mimi nilimwacha gizani, nikidhani mambo ya chip si yake. Kosa lilikuwa langu asilimia mia. Siku nilipomweleza alielewa kwa dakika mbili, akanipiga na kanga.

Haya, uwanja ni wenu. Mafundi mnisahihishe nilipochapia. Na wewe ambaye una code yako kwenye flash, kila siku unasema bado haijawa tayari, hebu tuambie: unamsubiri nani?