Mkeka Uliovuka Mto

Miezi michache iliyopita, kwenye ukingo wa mto unaotazamana na Lubunga, nilimwona bwana mmoja mwenye tai akimpandisha mama yake kwenye mtumbwi. Sisi makarani wa Kisangani tunamjua sana bwana huyu. Chamani kwetu ndiye anayesema kila mara kwamba Serikali ibadilishe sheria polepole, nasi tushike desturi nzuri za wazee.

Mama alikuwa na mkeka kwapani.

"Juu ya nini niende kwa dada yako ng'ambo?"

"Mama, komisyo ya Serikali itakuja kuangalia nyumba, juu wanipe ile karte ya watu walioendelea. Wanafungulaka mpaka jikoni. Wakikuta unakula chini na mikono, basi, karte hakuna. Na bila karte, Wazungu hawatasikia maneno yangu."

"Na ile desturi ya wazee unasemaka, iko ya nani?"

Alimfunga mama kitambaa vizuri kichwani, kisha akausukuma mtumbwi kwa kiatu chake kinachong'aa.

Komisyo iliahirisha safari mara mbili. Ilipofika ilisifu meza, ilisifu vijiko, ilisifu hata choo. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa kule Lubunga.

Jumapili bwana huyo alitusomea hotuba, karte ikichungulia mfukoni. Alisema maendeleo yasitutenge na wazazi wetu. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Nami nilipiga, tena kwa nguvu. Komisyo inakuja kwangu Jumanne, na mama yangu bado anakula mkekani.