Magurudumu Manne Ambayo Sikuyagonga

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nilipokuwa na umri kama wako, mabehewa mawili ya abiria yaliacha reli kwenye stesheni niliyofanyia kazi, huku upande wa Makueni. Haikuwa ajali ya kutisha. Treni ilikuwa inatoka Mombasa kwenda Nairobi, ikaingia stesheni polepole, na ilipofika mahali reli zinapogawanyika, mabehewa mawili ya nyuma yakatoka nje na kusimama kwenye kokoto, yameinama kidogo. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja alimwagikiwa na chai ya thamosi, basi. Abiria wakashusha mizigo yao na kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa bohari, wakingoja.

Mimi nilizaliwa Migwani, mbali na reli, na nilikuwa mtu mzima kabla sijaiona treni kwa macho yangu. Lakini nilikuwa nimesomea kazi ya kukagua mabehewa na nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Nzioka, mtu wa Nuu, mrefu, mwenye maneno machache. Behewa likishaacha reli, hata kidogo tu, haliwezi kubeba watu tena mpaka likaguliwe na mkaguzi mkuu atie sahihi kwenye fomu. Pale kwetu sahihi hiyo ilikuwa yake. Na alikuwa na desturi yake mwenyewe, ambayo hakuna sheria iliyomlazimisha: behewa alilolitilia sahihi, alilipanda yeye mwenyewe mpaka stesheni inayofuata, amesimama mwisho kabisa, juu ya magurudumu.

Kuna jambo moja sharti nikueleze ndipo unielewe. Gurudumu la treni hukaguliwa kwa macho, kwa kipimo, na kwa sikio. Unaligonga kwa nyundo ya mpini mrefu. Likiwa zima, linalia vizuri na sauti inakaa. Likiwa na ufa, hata ufa usioonekana, sauti inakufa pale pale. Mzee Nzioka alikuwa amegonga magurudumu tangu enzi za mkoloni, na nyundo na ving'ora vilikuwa vimeyamaliza masikio yake. Hakuna aliyejua ila mimi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo aliniita kando akaniambia, "Musyoka, mikono bado inajua kazi, lakini masikio yameniacha. Nitakagua mengine yote. Wewe utagonga, halafu utaniambia kama limelia."

Nilikubali, na nikajiona mtu muhimu. Leo nikiwa mzee naona kwamba hapo tayari tulikuwa tumekosea sote wawili. Alipaswa kwenda kwa wakubwa. Lakini alikuwa na watoto sekondari, na mimi sikuwa mtu wa kumfundisha mzee wa rika la baba yangu.

Basi siku hiyo tulifanya kazi tangu jua linachomoza. Mafundi waliyainua mabehewa kwa jeki, wakapanga mataruma chini yake, wakayasukuma kidogo kidogo mpaka yakakaa relini. Ilipokaribia saa sita, kazi iliyobaki ilikuwa yetu. Mzee akaingia chini ya behewa la kwanza, akashika springi moja moja, akapima magurudumu, akafungua masanduku ya grisi, akajaribu breki. Nami nikafuata na nyundo.

Sasa, mwanangu, nisikufiche. Akili yangu haikuwa pale. Nilikuwa nimepewa likizo kuanzia mchana huo. Kesho yake, Jumamosi, wajomba zangu walikuwa wapeleke mbuzi wa ntheo nyumbani kwa msichana anayeitwa Mwende, kule Kabati, ili ijulikane rasmi kwamba ana mtu. Nilitaka kupanda treni hiyo hiyo mpaka Nairobi, nipate basi la jioni. Shati jeupe lilikuwa tayari mwilini, chini ya ovaroli. Na kila baada ya muda stesheni masta alikuwa anapita akiangalia saa na kuuliza, "Bado?"

Magurudumu yalikuwa kumi na sita, manane kwa kila behewa. Nikagonga manane ya kwanza. Nikagonga manne ya behewa la pili, upande wa stesheni. Nilipozunguka upande wa pili nikakuta tangi la maji la behewa limepasuka, na udongo wote uliochimbuliwa na jeki umekuwa tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Nikasimama. Nikayatazama yale magurudumu manne kutoka pale nilipo. Yalionekana sawa. Nikarudi.

Mzee alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa. Nikasimama mbele yake, maana ukitaka akuelewe ilibidi aone midomo yako.

"Yote yamelia?" akauliza.

"Yamelia."

Hakuniuliza mara ya pili. Hakuwa na sababu. Akaiweka fomu juu ya paja, akaandika jina lake kwa ile hati yake ya shule ya misheni, taratibu, akampa stesheni masta. Mabehewa yakafungwa nyuma ya treni, na abiria wakaanza kupanda.

Katika behewa la pili walipanda akina mama wa kanisa waliokuwa wanatoka kwenye mkutano Mombasa, wote na vitambaa vya rangi moja kichwani. Sikuwa namjua hata mmoja. Walikuwa wanapeana mizigo dirishani na kupangana viti. Halafu nikamwona Mzee Nzioka anashika chuma cha mlangoni na kupanda juu, kama kawaida yake, anakwenda kusimama mwisho wa behewa. Mimi nilikuwa na begi mkononi. Nilikuwa nimeshachagua behewa la kupanda, mwanangu, nalo lilikuwa la mbele kabisa. Nilipogundua hivyo, kwamba nimewapisha wengine mahali nisipotaka kukaa mwenyewe, nikaligeuzia mgongo behewa la mbele.

Nikarudi nyuma mpaka mlangoni kwake. "Mzee, tafadhali shuka."

Hakusikia. Alikuwa ametazama mbali.

"Mzee Nzioka, shuka."

Injini ilikuwa inanguruma, na gadi alikuwa ameshatoa bendera. Ikabidi nipige kelele, na nilipopiga kelele, kila mtu aliyekuwa pale alisikia.

"Sikugonga magurudumu manne! Ya upande ule mwingine. Sikuyagonga."

Safari hii alinisikia, au alisoma midomo yangu, sijui. Akashuka polepole. Stesheni masta akafika mbio, fomu ingali mkononi.

"Hukugonga? Na huyu aliyetia sahihi alikuwa wapi? Mzee, wewe hukusikia kwamba hagongi?"

Mzee Nzioka aliangalia fomu, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sikusikia. Huu ni mwaka wa pili sisikii vizuri."

Akina mama walikuwa wametoa vichwa dirishani.

Mzee akaniambia niende nikayagonge. Treni ikazuiwa. Nikaingia kwenye tope na shati langu jeupe, naye akaingia pamoja nami. Kila nilipogonga, aliweka kiganja juu ya chuma akafumba macho. Stesheni masta alisimama kando, akisikiliza. La kwanza likalia. La pili likalia. La tatu na la nne yakalia vilevile, safi, bila ufa wowote. Yale magurudumu hayakuwa na kasoro tangu mwanzo.

"Yamelia?" Mzee akauliza.

"Yamelia," nikajibu.

Akamgeukia stesheni masta. "Wewe umesikiaje?"

Stesheni masta akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo Mzee akasema treni iende. Nilikuwa nimetumia neno lile lile, na mara hii lilikuwa kweli tupu, lakini halikumtosha tena. Nimepewa adhabu nyingine maishani, hakuna iliyoniingia kama ile.

Treni iliondoka bila mimi. Nilibaki kuandika maelezo, na wajomba walipeleka mbuzi bila bwana harusi, jambo ambalo watu wa Kabati walilisema kwa muda mrefu. Nilisimamishwa kazi kwa majuma kadhaa. Mzee Nzioka alipelekwa kupimwa masikio, na kabla mwezi haujaisha akaambiwa apumzike. Akafunga sanduku lake akarudi Nuu. Siku ya kuondoka alinipa mkono kama alivyowapa wengine wote.

Mwende alikubali kuolewa nami, lakini kwanza alitaka kujua nilikuwa wapi siku ile. Nilimweleza yote. Yeye ndiye aliyesema, "Basi tutaenda kwa huyo mzee." Ilipita karibu mwaka mzima kabla sijapata moyo wa kwenda. Tulimkuta anaezeka ghala upya. Alitupokea vizuri, mke wake akatupikia isyo, mahindi na maharagwe. Baada ya kula nikamwambia kwamba najua nilimtoa kazini kwa mdomo wangu.

"Hapana," akasema. "Kazini nilitolewa na masikio yangu, na kwa kunyamaza kwangu. Ulichosema mlangoni pa behewa hakikunikosea. Kilichonikosea ni kile ulichosema kabla, tukiwa wawili tu."

Nikamwambia kwamba, hata hivyo, magurudumu yalikuwa mazima.

"Ndiyo," akasema. "Hujui hiyo ndiyo ingekuharibu? Ungefika Nairobi salama, na mara ya pili ungeacha magurudumu manane."

Nilifanya kazi reli kwa miaka mingi baada ya hapo, na mwishowe sahihi ikawa yangu. Mabehewa mangapi nimeyarudisha kwenye safari sikumbuki.

Mwanangu, sasa umepata kazi, na watu watakuuliza maswali mafupi wakitegemea jibu lako. Umeangalia? Umehesabu? Umefunga? Kama hukufanya, sema hukufanya, hata kama unachelewa mahali pa maana. Usijifariji kwa kuwa hakuna aliyeumia, maana wakati mwingine uongo haudhuru mtu, na huo ndio unaokuzoesha. Ukiwa umeshakosea, rudi mapema, kabla watu hawajaondoka, na useme kwa sauti wanayoweza kuisikia. Utapoteza kitu. Kipoteze. Na mtu akikukabidhi udhaifu wake, usiutumie kama njia ya mkato.

Nenda na amani. Mungu akupe kazi ya kukulisha, na wenzako wakuamini bila kujuta. Akupe nyumba yenye watu wa kukuambia ukweli. Na mimi baba yako, kwa hiki kinywa kilichowahi kusema uongo, nakubariki.