Wimbo wa Wakati wa Kula

Marehemu angefufuka siku ile, akaona wanaume waliokuwa wakimwita mpooza ukumbi wamekaa Korogwe wakigombania nani alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, angecheka mpaka afe mara ya pili.

Mimi ninaishi Handeni, nauza vitenge sokoni. Zamani nilikuwa mwitikiaji wa bendi yetu, mwanamke peke yangu kati ya madume yenye midomo. Tulipiga dansi Korogwe mjini, tulipiga Handeni, tulipiga kwenye makambi ya mkonge siku watu walipopokea mishahara. Marehemu ndiye aliyepiga gitaa la solo na kuimba. Alitokea Vugiri, huko juu kwenye baridi, na alipenda bluzi, zile nyimbo za polepole ambazo mtu anacheza amemwegemea mwenzake. Wenzetu hawakutaka kuzisikia. Eti mkata mkonge aliyelipwa leo hataki kuegemea mtu, anataka kuruka. Basi ile bluzi aliyoipenda kuliko zote wakampa aipige wakati wa kula.

Ngoja nieleze wakati wa kula. Katikati ya dansi bendi ilipumzika, tukaenda nyuma ya ukumbi kula ugali na nyama. Lakini ukumbi ukiachwa kimya, watu wanaondoka, kwa hiyo lazima mmoja abaki jukwaani kuwashika. Aliyebaki ni yeye, siku zote, peke yake na gitaa lake. Sisi huku tunatafuna. Na mimi nilitafuna, sijitoi, maana ukichelewa unakuta mifupa. Mpiga tarumbeta akishashiba alipangusa mdomo, akasimama mlangoni, akapuliza kuwaita watu waingie kucheza. Hakungoja wimbo uishe hata siku moja. Alipuliza juu ya sauti ya mwenzake, watu wakapiga mayowe, sote tukarukia jukwaani, na bluzi ikafia hapo. Marehemu alitabasamu tu, akadaka mdundo wa wimbo uliofuata. Ilikuwa hivyo kila dansi, mpaka bendi ikavunjika.

Mwaka jana akafariki. Hata udongo haujakauka, mpiga tarumbeta akafungua kundi kwenye simu na kuandika kwamba tutarekodi albamu ya kumuenzi nguli wetu. Nguli! Mtu aliyekuwa anaambiwa, "Punguza usingizi wako, wateja wanalala." Siku hizi mpiga tarumbeta ni mzee wa kanisa, ana kiti chake mbele, na akiandika ujumbe anaweka alama za mshangao mpaka simu inachoka. Mpiga besi ni haji. Muziki ameshauacha, anasema, anakuja kutoa ushauri tu, ila siku ya kwanza alishuka kwenye bodaboda amekumbatia besi lake kama mtoto mgonjwa. Mpiga dramu analima ufuta Kang'ata na amekuwa kiziwi nusu, jambo ambalo halijabadilisha upigaji wake hata kidogo.

Kabla ya kurekodi, mimi na mpiga tarumbeta tulipanda Vugiri kumwomba mjane ruhusa. Mimi namwita wifi, wao wanamwita shemeji. Akatukaribisha jikoni kwenye moto, akatupa chai na magimbi, akatusikiliza mpaka mwisho. Hotuba ya mpiga tarumbeta ilikuwa ndefu, urithi wa taifa ulitajwa.

"Shemeji, pigeni zote mnazotaka," akasema. "Mimi naomba ule mmoja tu, na uwe mzima. Alikuwa ananiimbia hapa hapa, nimekaa hivi. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Sasa naanza kusahau. Naamka asubuhi naona kipande kimetoka, nahangaika nacho shambani mpaka jioni ndipo kinarudi. Siku kikitoka kisirudi, nitamsikia wapi?"

Mpiga tarumbeta akaweka mkono kifuani. "Shemeji, ule wimbo tunaujua nje ndani."

Gimbi lilinikwama. Mwongo wa kiwango kile, na bado anakusanya sadaka Jumapili!

Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la vipuri pale Korogwe, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia kelele. Fundi mitambo alikuwa mtu mzima mnene asiye na haraka. Nyimbo za kuruka tukazimaliza vizuri, nakiri, vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Ikafika zamu ya bluzi aliyoiomba mjane, na hapo ndipo nilipoona vituko. Mpiga dramu anasema wimbo unaanza na mvua. Haji anasema thubutu, mvua haimo, ni wimbo wa treni. Wakabishana mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Kumbe kipande ambacho wote walikijua sawasawa ni kimoja, ule mstari wa "nitakungoja mlangoni."

"Enhe!" akasema mpiga tarumbeta kwa furaha. "Hapo ndipo ninapoingia mimi."

Mjane aliteremka siku tuliyomwahidi, kikapu mkononi, kilemba kipya kichwani. Tukaamkiana, tukampa kiti. Wakampigia walichokitunga, chenye mvua na treni pamoja, ili kila mtu aridhike. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kilipokwisha akauliza kwa upole kabisa, "Sasa huu ni wa nani?"

Fundi mitambo ndiye aliyemsogezea maiki, akamwambia, "Mama, tuimbie wewe."

Akaimba. Sauti yake si ya jukwaani, ni ya mtu anayeimba huku anapalilia, lakini alijua pa kwenda. Haji akamfuata kwa besi taratibu, ushauri wake umeisha. Nikamsikia marehemu, wallahi, jinsi alivyokuwa akiuburuta mwisho wa mstari kama mtu asiyetaka kutoka kitandani. Nywele zikanisimama. Akafika "nitakungoja mlangoni."

Paaa!

Mpiga tarumbeta kasimama, mashavu yamevimba, macho kafumba, anapuliza. Dramu ikadondokea humo humo. Haji naye kadaka! Wakaingia wimbo wa kuruka wote watatu, wametabasamu, wamerudi vijana, mpaka fundi mitambo alipovua hedifoni na kuzitupa mezani.

Mjane alikuwa bado mdomo wazi mbele ya maiki.

"Hapo hapo," akasema. "Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, leo tena wamenikata hapo hapo."

"Shemeji, samahani, ni mazoea," akasema mpiga tarumbeta. "Nilijikuta tu nimepuliza."

"Najua." Akainua kikapu akampa. "Nimewachemshia magimbi. Nendeni nje mkale."

Nao wakaenda! Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Hakuna aliyesema shemeji, ngoja kwanza tumalize. Walitoka kwa mstari, Haji akauliza kama kuna chumvi. Hata mimi nilikuwa nimeshainuka, miguu ilikwenda yenyewe, mjane akanishika kanga.

"Wifi, wewe kaa."

Akaanza upya, peke yake, bila chombo. Alipokaribia ule mstari wa mlangoni nilishika kiti kwa mikono miwili, nasubiri ile paaa. Haikuja. Wimbo ukapita pale, ukaendelea, na mimi niliyezeeka na bendi ile nikasikia ubeti ambao sikuwahi kuusikia maishani.

"Mpiga tarumbeta, ukishiba njoo. Mpiga besi, nimekuachia nafasi. Wa dramu, njoo polepole. Na wewe dada wa kuitikia, itikia."

Akanyamaza, akanitazama. Nikaelewa kwamba kimya kile kilikuwa cha kwangu, kimewekwa tangu zamani. "Nitakungoja mlangoni," nikaitikia, sauti imekwaruza vibaya. Akaimba tena, nikaitikia tena, machozi yananitiririka bila aibu. Nililia na nilikasirika. Nilimkasirikia hata marehemu mwenyewe, kichwa kigumu yule, kwa nini asituambie?

Tulipomaliza nikamuuliza mjane.

"Nilimwambia awaambie," akasema. "Akasema hapana, watu hawaitwi kwa nguvu kwenye wimbo. Siku moja watawahi kushiba, watausikia wenyewe."

Fundi mitambo akamvalisha hedifoni juu ya kilemba, akamrudishia wimbo wote. Alisikiliza amefumba macho, midomo inakwenda, kidole kinagonga goti. Ulipokwisha akazivua, akashusha pumzi. "Mzima," akasema. "Sasa hata nikisahau."

Mlango ukafunguka. Mpiga tarumbeta huyo, anachokonoa meno, tarumbeta kwapani, wenzake nyuma yake.

"Haya," akasema, "turudi kazini. Tumefika wapi?"

"Tumemaliza," nikamwambia. "Mmenibakizia magimbi?"

Wakatazamana. Haji akainua kikapu akakipindua, kulikuwa na maganda tu.