Muhogo Uitwao Mugeni Arudi

Jamani, aibu ziko za kila namna, lakini ile ya kumlisha shangazi ya mume wako mpaka aanguke mbele ya watu wa matanga, hiyo ni yangu peke yangu, na ninyi chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mtu wa Kasongo mjini, muhogo niliujua ukiwa tayari unga, sokoni. Nilipoolewa kijijini Wamaza nikapewa shamba la marehemu mama mkwe, na humo kulikuwa na mihogo ya kila aina, mirefu, mifupi, yenye mashina mekundu, yenye mashina meupe, kila mmoja na jina lake (nani atayashika majina yote hayo?), nikaona ni fujo tupu. Jirani yetu Mama Sifa alikuwa na aina moja iliyonyooka vizuri, nikamwomba miti ya kupanda, akanipa mzigo mzima akisema, "Hii inaitwa Mugeni Arudi." Nikafurahi! Nikajua ni tamu kiasi kwamba mgeni akiionja lazima arudi. Nikang'oa mihogo yote ya mama mkwe, nikapanda hiyo tu.

Ikaota kweli, yote sawasawa. Lakini shamba lile lilikuwa na kimya chake. Kwa wenzangu nguruwe wa porini walichimba, panya walitafuna. Kwangu hakikuguswa kitu. Mchana kweupe nikipalilia, mbuzi wa jirani walikuja mbio hadi mpakani, wakasimama, wakanusa, wakanitazama, halafu wakageuka wote pamoja, polepole. Nikaangalia nyuma yangu, hakuna mtu.

Shangazi Zawadi, dada ya marehemu baba mkwe (huyu alikuwa hajanikubali bado), alipita akaona.

"Shamba yenye hata panya haikuli, iko na mwenyewe mwingine. Weye mwanamuke, ulileta nini huku?"

Maneno hayo kwetu si ya mchezo. Mwanamke akishaitwa mlozi, yaani mchawi, anafukuzwa arudi kwao, na hapo ana bahati.

Basi, siku ya kumaliza matanga ya baba mkwe nikaamua kumziba mdomo kwa chakula. Nikang'oa mihogo minene, nikaichemsha asubuhi hiyo hiyo kwa chumvi, sikuonja (haraka, jamani, haraka!), nikawapakulia wageni uani. Shangazi alikuwa na njaa, akameza vipande vyake. Wengine wakatafuna kidogo, wakaacha. Vinywa vikasimama, macho yote kwangu, nikawakumbuka wale mbuzi.

"Kula na weye," mzee mmoja akasema taratibu.

Nikatia mdomoni. Uchungu gani ule! Nikatema. Mpishi anatema chakula chake mwenyewe! Hapo hapo shangazi akashika kichwa, akainama, akatapika, akaanguka, na mtu nyuma akanong'ona, "Sumu." Nilishajiona juu ya pikipiki na kifurushi changu, narudishwa Kasongo.

Mama Sifa akafika, amechelewa, akachungulia sahani, akapiga makofi.

"Pardoni! Umepikia watu Mugeni Arudi? Ile iko ya kulowesha mu maji, kuanika, kutwanga unga! Mugeni atangoja mpaka achoke, arudi kwao. Ndiyo jina! Hata nguruwe inajua!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, nilikaa miguuni pa shangazi alipolazwa ndani, nikisikiliza pumzi zake, nikiomba Mungu, mpaka akafumbua macho.

"Ile nyeupe ya mama mukwe wako," akasema, "ile tamu ya kuchemsha. Iko wapi?"

"Niling'oa."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

Akageukia ukutani. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nazunguka nyumba kwa nyumba naomba miti ya kila aina, na nimeapa sipandi hata kijiti kabla ya kuuliza jina lake na maana yake. Nimepata mingi. Ile nyeupe hakuna mwenye nayo.

Na shangazi alipona, akanipa jina, sasa Wamaza nzima wananiita Mugeni Arudi. Naitika. Sijathubutu kuwauliza wanataka nirudi wapi.