Kaimati ya Nne

Harufu ya iliki ikichemka kwenye shira hunirudisha Temeke, uani kwa bibi yangu, Ramadhani niliyofunga kutwa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka minane na majivuno ya mtu mzima.

Bibi alikuwa ameniahidi kwamba nikifika magharibi, mimi ndiye nitakayempelekea futari jirani yetu, Mama Neema. Mama Neema alikuwa Mkristo wa Newala, na kila mwaka sahani ya kwanza kupakuliwa ilikuwa yake. Kwetu sahani hiyo haikubebwa na mtoto asiyefunga. Niliitaka heshima hiyo kuliko nguo ya Idi.

Basi nikavumilia. Mdogo wangu Zuhura alifungua saa saba mchana kwa kiporo cha wali, kisha akaja kunipumulia usoni makusudi. Nikamtazama tu. Alasiri Mama Neema akachungulia juu ya ukuta.

"Bado umo?"

"Shikamoo. Nimo!"

"Marahaba. Haya, mie nakungoja na sahani yangu."

Adhana ilipolia nilianza na tende, kama watu. Ukafuata uji, magimbi ya nazi, tambi, halafu kaimati. Sikumbuki nilikula ngapi. Nakumbuka bakuli langu lilibaki shira tupu. Bibi, aliyezikaanga, alikula tatu, taratibu, amefumba macho, akasukuma sahani. Nikadhani hazipendi.

"Haya, inuka umpelekee Mama Neema," akasema.

Sikuweza kuinuka. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Nikajilaza mkekani nikilia kwa maumivu na aibu. Sahani ikabebwa na Zuhura, mla kiporo, na ng'ambo ya ukuta nikasikia akipongezwa: "Hongera mwanangu, kumbe na wewe umefunga!" Hakukanusha, mshenzi yule.

Bibi alinisugua tumbo huku akijizuia kucheka. "Subira unayo, mjukuu wangu, tena tele. Kiasi ndo huna."

Sikumwelewa, kwangu yote mawili yalikuwa kujizuia. Miaka ilipita ndipo nikaona kwamba mchana ule nilisubiri vizuri kwa kuwa sufuria zilikuwa zimefunikwa. Kiasi kilinihusu zilipofunuliwa.

Sasa bibi hayupo, nakaanga mwenyewe. Nikiila ya tatu hujikuta nimefumba macho, na hapo hujua kuwa bibi alizipenda kaimati kuliko sisi sote. Kisha naichukua ya nne.