Mistari ya kalamu kwenye karatasi za mume wangu

Jamani, leo nimekaribia kuharibu kazi ya mume wangu, na ndoa haijamaliza hata mwezi.

Jana alinipa vipande vya karatasi nyeupe. "Mke wangu, nichoree mstari karibu na ncha ya kila kimoja." Ni vya somo la kwanza la vitendo analofundisha, la kutenganisha rangi za jani.

Nikachora kwa kalamu nyeusi ya wino, huku natabasamu peke yangu.

Leo mchana nikampelekea chakula shuleni, hapo mtaa wa Gerezani. Nikasimama mlangoni.

Juu ya kila mstari alikuwa ameweka tone la mchicha wa Kariakoo uliopondwa, ncha ya karatasi imegusa spiriti. Kijani kikapanda taratibu, njano ikatangulia mbele yake. Nikawa kama naota.

Kisha ikapanda zambarau.

"Mwalimu, kwani mchicha una zambarau?" binti mmoja akauliza.

Mkuu wa shule, aliyekuja kumpima mume wangu, mwalimu mgeni, akakohoa.

Mume wangu akanitazama, akaelewa. "Huo ni wino. Mstari huchorwa kwa penseli, ila mke wangu katumia kalamu. Sasa mmeona, hata weusi una rangi zilizojificha."

Darasa zima likanigeukia. "Shikamoo, madamu."

Mkuu akacheka. "Mwalimu, kesho rudia kwa mkondo wa pili. Na achore huyo huyo."

Jioni kaniletea penseli. Nimeipokea, nimeiweka kabatini.

Nachora vipande vya kesho kwa kalamu hapa. Nanyi wenzangu, mlianza na kosa gani?