Netsai Anataka Mboga

Mimi sina subira na mtu anayejifia huku bado anapumua, na Netsai nilimwambia hivyo usoni. Jirani yangu kwa miaka ishirini, mwanamke aliyekuwa akisaga karanga na kubishana na kila apitaye! Tulimzika mumewe, Gwatidzo, mwezi wa tano hapa Gutu, na tangu siku ile hakulia wala hakusema. Alikaa tu jikoni, mgongo ukutani. Uji wa asubuhi jioni tuliwamwagia kuku. Muuguzi wa zahanati akanivuta pembeni: "Mama, huyu asipokula, mvua hazitamkuta."

Nilimwombea, nikamgombeza, nikamkanda miguu. Wapi!

Kosa lilikuwa letu. Siku ya maziko Raviro, mtani wa nyumba ile, alikuwa Beira akinunua mitumba, nasi tukazika bila yeye. Kwetu marehemu haagwi mpaka mtani amwigize mbele ya watu, amcheke mpaka wafiwa nao wacheke. Gwatidzo tulimfukia kwa heshima tupu, kana kwamba alikuwa mgeni.

Raviro alirudi Jumamosi. Hata kwake hakupitia. Aliingia chumbani kwa Netsai, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, mto kautia tumboni. Akakohoa mlangoni mwa jikoni kama alivyokohoa Gwatidzo, akafunua chungu cha sadza, ugali wetu, akanusa.

"Netsai! Hili ni sadza au gundi? Unataka utumbo wangu ushikane?"

Nikauma kanga nisicheke.

Raviro akajibwaga kwenye kigoda cha marehemu. "Na nani kakuruhusu ukonde? Mimi nilikuoa kwa ng'ombe wanane! Wanane wazima! Leo naachiwa mifupa?"

"Watano."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza hata sikuijua. Raviro akageuka polepole. "Unasemaje, mwanamke?"

"Ulitoa watano," Netsai akasema. "Na mmoja alikuwa chongo! Baba yangu alikuwa akimficha wageni wakija!"

"Alikukonyeza tu yule, alikupenda!"

Netsai akacheka. Alicheka mpaka akaanguka kwenye lile koti, akalinusa, na hapo ndipo kilio kikatoka, kilio cha wiki sita, kikubwa, cha kamasi na kwikwi. Raviro alimshika asimwachie, naye analia na kofia imempinda kichwani. Mimi je? Nililia mpaka kichwa kikaniuma, na furaha imenijaa kifuani.

Alipotulia nikamsogezea sahani. Akamega tonge, akatafuna, akamega jingine. Hatukuthubutu hata kujikuna. Mara akainua macho.

"Mnanikodolea nini? Mtu analishwa sadza kavu kwake mwenyewe? Mboga iko wapi?"

Nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka koo likaniwasha. Majirani wakaja mbio. "Vipi, kuna harusi?"

"Harusi kitu gani! Netsai anataka mboga!"